Lami ya Jumamosi

Watu huniambia hasira hasara. Nawajibu kwamba hasara nimeshaipata, basi niacheni na hasira yangu. Kila nikipita pale kona ya barabara ya viwanjani, hapa Kibaha, damu inachemka upya, na nikirudi nyumbani hata uzi siwezi kuupitisha kwenye tundu la sindano. Nami kazi yangu ni cherehani. Fundi akishatetemeka mikono, ujue siku hiyo nguo ya mtu inaharibika.

Mama yangu ni mtu wa Kisarawe. Maisha yake yote amepanda na kushuka vilima vile, mihogo kichwani na maneno mdomoni, na hakuna jirani aliyewahi kumshinda kwa lolote kati ya hayo mawili. Alfajiri moja alisujudu vizuri, alipotaka kuinuka kwenye mswala mguu wa kulia ukakataa. Mkono wa kulia nao ukakataa. Mdomo ukaenda upande. Mama mdogo, yaani mdogo wake anayekaa nyumba ya jirani, alimkuta pale chini anajaribu kumalizia swala yake kwa ulimi usiogeuka. Kiharusi.

Ilibidi nimlete kwangu Kibaha, niwe naye karibu na hospitali. Nyumba yake Kisarawe iko juu, gari halifiki, na kijia chenyewe ni mizizi mitupu ya mikorosho. Wapwa zake walimkalisha kwenye kiti cha mbao wakambeba mpaka barabarani. Majirani walitoka wote, wameshika videvu, wanasema masikini, masikini, ndiyo dunia hiyo. Mama alifumba macho njia nzima. Nilidhani ni maumivu. Kumbe ilikuwa aibu.

Tulipofika kwangu, sentensi yake ya kwanza iliyoeleweka ilikuwa hii: "Kwangu sirudi nikibebwa. Nitaingia kwa miguu yangu, au sirudi."

Mama akishasema, amesema. Hata baba, Mungu amrehemu, alikuwa anajua hivyo, na ndiyo maana walidumu.

Hospitali tulimpata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole, anamwita mama bibi na anamshika mguu kwa heshima. Akaniambia, "Atatembea huyu, lakini msichelewe. Miezi hii ya mwanzo mwili bado unakumbuka. Mkiuacha, unasahau. Atembee mahali pagumu, pa tambarare. Siyo mchangani."

Siyo mchangani! Nilicheka palepale mbele yake, kicheko kibaya. Mtaa wetu wote ni mchanga. Ni mchanga mlangoni, mchanga uani, mchanga kwenye wali ukipuliza upepo. Mtu mzima mwenye afya yake anaburuta kandambili kama anavuka mto, seuze mama mwenye upande mmoja. Kibaraza changu cha saruji unakimaliza kabla hujapumua. Kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani na kurudi, huko siyo kutembea, huko ni kugeuka.

Lami ipo, lakini iko ng'ambo ya mfereji. Huko ndiko viwanjani, kwenye viwanja vilivyopimwa, kuta ndefu, mageti, maua yanayomwagiliwa wakati sisi tunasubiri zamu ya maji. Barabara yao imenyooka, ina taa, ni bapa kabisa. Siku za kawaida haifai kwa mgonjwa. Bodaboda, malori ya mchanga, magari ya watu wanaowahi Dar. Tulijaribu mara moja tu. Lori likapiga honi nyuma yetu, mama akashtuka, fimbo ikamtoka, dereva akachungulia dirishani kutuuliza kama nyumbani hatuna pa kukaa.

Sasa ndipo lilipokuja lile tangazo. Klabu ya mazoezi ya watu wa viwanjani ilipata kibali. Kila Jumamosi asubuhi, kuanzia alfajiri mpaka jua likolee, barabara ile haitapita gari. Gari la matangazo lilipita mpaka kwetu na spika zake juu: njooni mtembee, mkimbie, mfurahi, wakubwa kwa wadogo, barabara ni yetu sote.

Mama alikuwa amekaa kibarazani. Akainua kichwa.

"Amesema sote?"

"Amesema sote."

"Basi nitafutie raba."

Mama hajawahi kuvaa raba tangu azaliwe. Nikamtafutia za mtumba, nyeupe, ya kulia tukaiachia kamba kwa sababu mguu ulikuwa umevimba. Alizitazama muda mrefu, kisha akasema anafanana na nesi. Siku nzima alikaa nazo.

Jumamosi ya kwanza nasema ukweli wangu, ilikuwa raha. Sikatai. Mimi nilimshika upande mbovu, upande mzima akamshika jirani yangu muuza uji, mwanamke wa mwili na sauti, ambaye akikusalimia asubuhi mtaa mzima unajua umeamka. Tulipokanyaga lami bila honi, bila vumbi, nilishangaa jinsi barabara ilivyo pana. Vijana wetu walikuwa wameshaweka mawe mawili huku na mawili kule, chandimu imeanza. Wasichana wanacheza rede. Wanawake waliozoea kuonana msibani tu wanatembea wameshikana mikono, wanacheka hawajui wanachocheka.

Na mama akatembea. Mguu wa kushoto unaenda, wa kulia unafuata kwa kuburutwa. Jirani wa uji akaanza kumpigia makofi na kumwimbia vile tunavyowaimbia watoto wanaojifunza kusimama, "Dede! Dede! Simama dede!" Mama akamtukana, akamwambia mtoto ni mama yako, na huku anacheka upande mmoja wa mdomo na anaendelea kwenda. Siku hiyo alitoka nguzo ya taa ya kwanza akaifikia ya pili. Akaishika, akaipapasa, akasema, "Nimekupata wewe."

Watu wa viwanjani walikuwepo, wamevaa fulana zao za kijani kibichi, saa mkononi zinazowahesabia hatua. Hawakutusumbua siku hiyo. Hawakutusalimia pia. Kijana mmoja, umri wa mjukuu, alipita karibu akihema, masikioni ameziba, hata macho hakugeuza. Mama akamwitikia kwa sauti, "Marahaba, baba! Marahaba!" Sisi hoi kwa kicheko. Kijana akakimbia zake, shikamoo hakuitoa wala marahaba hakuisikia.

Jumamosi zikaenda hivyo. Mama alikuwa anaamka kabla ya adhana kwa ajili ya ile lami. Wiki nzima tunafanya mazoezi ya kibarazani tu, Jumamosi ndiyo darasa lenyewe. Akapita nguzo ya pili. Akafika kwenye geti jeusi, nyumba yenye mitende, akapumzika, akarudi. Kuna siku aliniambia nimwachie mkono. Nikamwachia. Alikwenda peke yake na fimbo yake, mimi nyuma yake nimenyoosha mikono kama wa kumdaka kuku. Usiku ule alipiga simu Kisarawe akamwambia mama mdogo afagie nyumba, anakuja kwa Idi.

Basi, furaha ya mnyonge haikawii kuudhi watu.

Walianza na macho. Yale macho ya kukupima kuanzia kanga mpaka kandambili. Kisha mbwa. Mwanamke mmoja wa viwanjani alikuwa na mbwa mkubwa kwenye kamba, akamwachia akamnusa mama gauni, na mama alishachukua udhu wake. "Haumi huyo," akatuambia, anatabasamu. Ala! Nani kamuuliza kama anauma? Mbwa akishakugusa na pua yake mbichi, sala yako unaijua mwenyewe. Tukarudi nyumbani mapema kumbadilisha mama nguo na kumtawadhisha, na saa nzima ya lami ikapotea hivyohivyo.

Halafu akaja yule mkubwa wao, mwanamke mwenye kofia isiyo na utosi na filimbi shingoni. Alikuwa wa makamo yangu lakini akatuita mama zangu.

"Mama zangu, samahani. Hapa mnavunja mwendo. Watu wanakimbia."

"Na huyu anatembea," nikamjibu.

"Ndiyo, lakini mnatembea katikati, tena watatu watatu. Mngekaa pembeni."

Pembeni ni mchanga na mfereji. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamweleza kiharusi, nikamweleza daktari, nikamweleza hata Kisarawe. Alinisikiliza kwa kutikisa kichwa, ile namna ya mtu anayesubiri umalize. Akasema pole sana, akapuliza filimbi yake, akaenda.

Wiki iliyofuata mpira wa vijana ulichukuliwa kwa sababu uligonga baiskeli ya mtu. Jirani yangu aliyekuja na ndoo yake ya uji, maana akitembea asubuhi yote atauza saa ngapi, akaambiwa biashara hairuhusiwi. Wakati huohuo pale kwenye meza yao kulikuwa na matikiti yamekatwa na maji ya chupa, lakini hayo ya wenye kibangili cha klabu. Sisi tukiweka turubai njiani tukiwa na msiba, tunaambiwa tumeziba barabara ya umma. Wao wakipanga koni zao za plastiki, inaitwa afya. Niambie nisikasirike.

Kisha mgambo wao akatuletea neno. Mgambo mwenyewe ni wa mtaa wetu, kakulia kwenye mchanga huuhuu, uji wake wa asubuhi anaunywa kwa jirani yangu. Akasimama mbali kidogo, anaona haya. "Wamesema kuanzia wiki ijayo wanaoingia wawe na mavazi rasmi. Wao wana fulana zao. Nyinyi mmekuja na kanga."

Hapo sasa ndipo tulipokosea, na kosa hilo wangelifanya watu wa kwetu tu. Ukimwambia mwanamke wa uswahilini kwamba shida ni nguo, humfukuzi. Umemwalika! Kwetu hakuna jambo lisilo na sare. Harusi ina sare, maulidi ina sare, arobaini ina sare, mpaka kumsindikiza mtu uwanja wa ndege watu wanakata kitambaa kimoja. Aliyekuja bila sare ndiye mgeni, anakaa nyuma. Kwa hiyo tulielewa vile tulivyozoea: hawa wenzetu wana shughuli yao, wana sare yao, sisi tulivamia bila sare, aibu ni yetu. Jirani wa uji akasema, "Loo, na kweli tuliwadharau." Tukaona tumepewa njia ya heshima ya kuingia.

Kibaraza changu wiki ile kilijaa. Wanawake walibishana kitenge mpaka nikaziba masikio. Huyu anataka bluu, yule bluu inamfanya mweusi, huyu hataki kufanana na fulani waliyegombania naye kamba ya kuanikia. Mwisho tukashika kitenge cha rangi ya chungwa chenye majani meupe. Nilishona magauni mafupi yenye mpasuo wa kutosha hatua, na suruali ndani yake, za kitambaa hichohicho, na vilemba. Nguo ya mazoezi lakini ya mtu mwenye watoto. La mama nililishona gumu, mshono mara mbili, na upande wa kushoto nikamwekea mfuko wa tasbihi. Alipolivaa akaomba kioo. Tangu augue alikuwa hajaomba kioo.

Jumamosi ile tulivuka mfereji tumejipanga. Jirani kaja na kigoma kidogo cha mkononi. Mama yuko mbele kabisa, raba nyeupe, fimbo, kilemba. Mgambo alipotuona akatupisha. Vigelegele vikapigwa. Ikatokea kamera: kijana wa klabu yao anayepiga picha alikuja mbio, amefurahi, anatuzunguka, anapiga goti. "Safi sana, mama, simama hivyohivyo, nitazame!" Mama akasimama. Akaachia fimbo kidogo, akainua mkono mzima. Mimi nilikuwa nimemshika kiwiko upande wa kulia. Picha ikapigwa.

Ndugu yangu, hata nguzo ya pili hatujaifikia, filimbi ikalia.

Yule mkubwa wao alikuja na wanaume wawili wa fulana za kijani. Uso wake haukuwa na zile mama zangu tena. "Hii nini sasa? Ngoma? Hapa siyo uswahilini, hapa watu wanafanya mazoezi."

"Mlisema mavazi rasmi," nikamwambia. "Haya, rasmi hiyo. Ina upungufu gani?"

Mmoja wa wale wanaume akacheka. Kacheka kweli, akiangalia vilemba vyetu. Akasema tulitakiwa tuwe wanachama wa klabu, tuvae fulana ya klabu, na kwamba kila siku wanatuvumilia lakini sasa tumegeuza pale mahali ngoma ya kigodoro, ya kukatikia viuno. Jirani akauliza lile gari lenye spika lilisema uongo? Barabara ni yetu sote, sote wepi? Akajibiwa kwamba sote maana yake wanaofuata utaratibu. Mwingine akasema, kwa upole kabisa kama anatusaidia, "Lakini nyinyi si mna sehemu zenu huko za kuchezea?"

Za kuchezea! Nilitamani nimshike ile fulana yake niipasue kwenye mshono, maana niliuona mshono wenyewe, mbovu, wa kiwandani. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mama yangu atasomewa.

Wakati tunabishana mama alichoka. Mguu ulianza kutetemeka, kiti hakuna, akakaa chini. Hapohapo, katikati ya lami. Akanyoosha mguu wake, akatoa tasbihi mfukoni, akasema, "Malizaneni. Mkimaliza mniambie, niendelee."

Wakimbiaji wakaanza kupita huku na huku yake. Mmoja akaruka mguu wake. Mkubwa wa klabu akamgeukia mgambo akamwambia, "Mwondoe huyo bibi kabla hajaumia."

Mgambo akanitazama mimi. Akamtazama jirani yangu, ambaye uji wake asubuhi ile alikuwa ameunywa. Kisha akainama. "Nisamehe bibi, nimeagizwa." Akapitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, akambeba mama yangu.

Akambeba. Mbele ya watu wote wale, wa fulana na wa vitenge. Raba ya kulia, ile tuliyoiachia kamba, ikadondoka. Akavuka naye mfereji, akamweka mchangani upande wetu, taratibu, kama mzigo wa mtu anayemheshimu. Mama hakupiga kelele. Alifumba macho. Nilikuwa nimeshayaona macho yale yakifumbwa hivyo, Kisarawe, juu ya kiti cha mbao.

Nikarudi kuchukua raba. Yule mkubwa wao akaniambia pole, wametenda hivyo kwa usalama wake. Sikumjibu. Najuta mpaka leo kwamba sikumjibu.

Baada ya siku ile mama hakutaka kutembea. Hata kibarazani hakutaka. Nikimwambia twende, ananiambia kesho. Yule mtaalamu wa hospitali alimkunja goti, akaniangalia, na nikaelewa mwili umeshaanza kusahau. Nilimbembeleza, nilimfokea, nililia mbele yake. Raba zikakaa chini ya kitanda. Jirani alikuja kila asubuhi na kikombe cha uji akimwambia dede, mama, dede, na mama anageukia ukutani. Mgambo naye alikuja kuomba radhi. Mama akamsamehe mara moja, akasema, "Wewe mwanangu ulitumwa." Mimi sijamsamehe, na waliomtuma ndio kabisa.

Idi ikakaribia. Mama mdogo akapiga simu kutoka Kisarawe kusema nyumba imefagiwa tangu lini, mihogo imeiva, watu wanauliza. Mama akanirudishia simu. Halafu akasema, "Nipeleke."

"Kwa kubebwa?"

"Nimesema nipeleke."

Tukapata gari la jirani. Nikamvisha lile gauni la kitenge cha chungwa, alilitaka mwenyewe, na raba zake. Dereva hakujua mambo yetu, akapita njia ya viwanjani kukwepa mashimo. Pale kona mama akasema, "Hebu simama."

Lilikuwa bango. Jipya, refu, limefungwa kwenye nguzo mbili. Juu yake, mkubwa kuliko mlango, yuko mama yangu. Kilemba, kitenge cha chungwa, mkono hewani, nusu ya tabasamu. Chini yake maandishi mekundu: BARABARA NI YETU SOTE. Pembeni alama ya klabu yao.

Nikamwona dereva anacheka kwa furaha, "Bibi, umekuwa maarufu!" Nilitaka kushuka nilichane lile bango kwa mkasi wa kazi niliokuwa nao kwenye mkoba, na ningelichana, haki ya Mungu, kama mama asingenishika.

Alikuwa analikagua. Akaniuliza, "Mbona wewe haupo?"

Ni kweli. Walikuwa wamenikata. Wamekata jirani na kigoma chake, wamekata wanawake wote, amebaki mama peke yake kwenye lami safi kama aliota pale. Lakini walikata vibaya. Kwenye kiwiko chake cha kulia vilibaki vidole vyangu, vidole vitupu visivyo na mwenyewe.

"Twende," mama akasema.

Tukazunguka Mbezi, tukatokea Pugu, gari likaanza kupanda. Kisarawe ilikuwa imenyeshewa, udongo mwekundu, harufu ya maganda ya machungwa. Gari likasimama pale mwisho wa njia ya magari. Wapwa walikuwa wanasubiri, na kile kiti cha mbao. Mama akawaambia wakiweke pembeni.

Akatembea. Mkono kwangu, mkono kwenye fimbo, mzizi baada ya mzizi, jasho linamtiririka ndani ya kilemba. Alifika kwenye mkorosho wa kwanza. Pale mguu ukakataa. Akaupiga kwa kiganja, akauita jina baya, ukakataa. Kutoka mkorosho ule mpaka mlangoni kwake ni pafupi kuliko kutoka nguzo ya kwanza mpaka geti jeusi, na geti jeusi alishalizoea, alikuwa akienda na kurudi. Mwendo ule alikuwa nao mguuni. Ulikuwa wake, aliutafuta Jumamosi kwa Jumamosi, na watu wenye barabara pana kuliko haja zao walimnyang'anya ili saa zao zisikose hesabu. Hicho ndicho ninachowadai, na hawana pa kukitoa.

Akakaa kwenye kiti. Wakambeba. Majirani wakatoka. Safari hii hakufumba macho, aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakaacha kusema masikini.

Mlangoni akasema, "Shusheni." Akasimama, akashika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto.

Kwetu mtu anaingia nyumbani kwa mguu wa kulia. Mama mdogo, amesimama ndani, akamwambia machozi yakimtoka, "Dada, tanguliza wa kushoto tu. Mungu anajua."

"Mungu anajua," mama akasema, "lakini na mie najua."

Akaniambia nimshike mgongo. Akaachia fremu, akaukamata mguu wa suruali ya lile gauni pale juu ya goti la kulia, kitenge kile nilichokishona mara mbili, akakivuta juu kwa nguvu yake yote. Mguu ukanyanyuka. Raba ikagonga kizingiti, ikakwama. Akavuta tena. Mama mdogo akaanza kupiga makofi polepole, dede, dede, na wapwa wale, mibaba mizima yenye ndevu, wakaitikia. Mshono haukuachia. Bismillahi. Raba ikavuka, ikakanyaga ndani.

Alisimama pale anahema, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akageuza shingo akanitafuta.

"Haya," akasema, "sasa wako wapi wale wenye kamera?"